Vyama vya Wahasibu vya Afrika Mashariki na Lugha ya Ukaguzi

Miongoni mwa kazi zinazotendeka katika Afrika Mashariki bila ya kutazamwa na wengi, ipo kazi ya kuamua ni nani astahiliye kutia sahihi chini ya hesabu za mali ya watu wengine. Sahihi yenyewe ni kitu kidogo, mstari mmoja wa wino na jina la ofisi. Hata hivyo benki hukopesha kwa kuitegemea, idara ya kodi hukadiria kodi kwa kuitegemea, na mwanachama wa ushirika wa kahawa wa Nyeri au wa Moshi huiacha akiba yake pale ilipo kwa kuwa ameambiwa kwamba mkaguzi amekwisha pita. Kazi hiyo ya kuamua imekabidhiwa vyama vya kitaaluma vya wahasibu. Kila nchi ina chake, na tangu mwaka 2011 vyama vya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi vimefungamana kwa mapatano ya kutambuana. Makala haya yaeleza kazi ya vyama hivyo, kisha yatazama sehemu moja ya kazi hiyo ambayo vyama vimeiacha nje ya mlango wao, nayo ni lugha inayotumika kumfikishia mwenye mali rai ya mkaguzi.

Asili na kazi ya vyama

Chama cha kitaaluma hutofautiana na chama cha wafanyakazi kwa jambo moja kubwa. Chama cha wafanyakazi humlinda mwanachama dhidi ya mwajiri, ilhali chama cha kitaaluma hudai kumlinda mtu wa nje dhidi ya mwanachama. Dai hilo ni zito, na si kila mara limetimizwa. Mtindo wenyewe ulianzia Uskoti, ambako wahasibu wa Edinburgh walipata hati ya kifalme mwaka 1854 na wenzao wa Glasgow mwaka 1855. Waingereza wakafuata mwaka 1880. Sehemu kubwa ya kazi ya wahasibu wale wa kwanza ilikuwa kusimamia mali ya watu waliofilisika, na mahakama zilihitaji kujua ni yupi wa kuaminiwa kugawa mabaki hayo kwa wadai.

Mtindo huo uliingia Afrika Mashariki pamoja na makampuni ya kikoloni. Mhasibu mwenye hadhi katika Nairobi, Kampala au Dar es Salaam alikuwa mtu aliyefaulu mitihani ya Uingereza, naye aliisomea kodi ya Uingereza kabla ya kuijua kodi ya mahali alipofanya kazi. Baada ya uhuru hali hiyo haikuweza kuendelea. Kenya iliunda mwaka 1969 bodi yake ya mitihani ya wahasibu na makatibu wa makampuni, ijulikanayo hata leo kwa herufi za KASNEB. Sheria ya Wahasibu ikafuata mwaka 1977, na mwaka 1978 ikaanza Taasisi ya Wahasibu wa Umma, yaani ICPAK. Sheria ile ilifutwa na nyingine ya mwaka 2008, ambayo iliondoa bodi ya uandikishaji iliyokuwa kando ya taasisi na kuitia kazi ya kuandikisha ndani ya taasisi yenyewe.

Tanzania ilipita njia yake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta mabenki na makampuni makubwa mikononi mwa umma, na mashirika ya umma yakaongezeka upesi kuliko watu wa kuyaandikia hesabu. Sheria ya mwaka 1972 ikaunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Yafaa kutambua kwamba chombo cha Kenya ni cha wanachama, ambao huchagua baraza lao wenyewe, na kwamba chombo cha Tanzania ni cha serikali, ambacho viongozi wake huteuliwa. Tofauti hiyo ina maana zaidi ya utawala. Chombo cha serikali hulazimika kuwa na jina ambalo mwananchi aweza kulisoma, na ndiyo sababu jina la Kiswahili la bodi ya Tanzania liko katika barua na mabango yake, ilhali ICPAK yajulikana na Wakenya kwa herufi zake tano za Kiingereza basi. Uganda ilipata sheria yake mwaka 1992 na Rwanda mwaka 2008. Burundi, kwa desturi ya nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, ina chombo ambacho jina lake, mitihani yake na fikira zake ni za Kifaransa.

Kazi za kila siku za vyama hivi zafanana. Hutunza daftari la majina, na jina lililofutwa humo halina ruhusa ya kukagua. Huweka mitihani au huipokea kutoka bodi iliyo kando. Hukagua ofisi za wakaguzi, maana mkaguzi naye hana budi akaguliwe. Humdai kila mwanachama aendelee kusoma: shirikisho la wahasibu la dunia, lililoundwa Munich mwaka 1977, limewahi kutaka saa 120 za masomo katika kila miaka 3, na semina za wahasibu wa Kenya zinazojaza hoteli za Mombasa zina mzizi wake humo, ingawa bahari nayo ina sehemu yake katika mahudhurio.

Kazi iliyo ngumu kuliko zote ni ya kuadhibu, kwa kuwa hapo mwanachama humhukumu mwenzake. Benki ya Imperial iliwekwa chini ya usimamizi mwezi Oktoba 2015, na Chase Bank ikafuata Aprili 2016. Benki zote mbili zilikuwa na hesabu zilizokaguliwa mwaka hadi mwaka, zenye sahihi na mhuri. Wenye akiba waliokuta milango imefungwa walikuwa na haki ya kuuliza mkaguzi alikuwa wapi. Jibu la swali hilo lina pande mbili. Upande mmoja ni wa nidhamu, nao ni wa vyama na wa mahakama. Upande wa pili ni wa maana ya neno lenyewe "kukagua", yaani ni kitu gani hasa ambacho umma uliahidiwa, na huo utarejewa hapa chini.

Viwango na mipaka

Kabla ya kufika huko, hapana budi kueleza jambo ambalo vyama hivi vimelifanya vizuri. Mwaka 1973 iliundwa mjini London kamati ya kutunga viwango vya uhasibu vya kimataifa, na mwaka 2001 kazi yake ikachukuliwa na bodi iliyo na wajibu huo hadi leo. Kenya iliamua kuvipokea viwango hivyo mwaka 1998, na Tanzania ikavitumia kuanzia Julai 2004. Kiwango ni kanuni ya kuamua jinsi ya kuandika jambo ambalo watu waaminifu wangeweza kuliandika kwa namna mbili.

Mathalani, mfanyabiashara wa Kitale amenunua mahindi kwa shilingi 3,000 kila gunia na bado yamo ghalani mwaka unapofungwa. Ayaandike kwa thamani gani? Kama bei ya soko imeshuka hadi shilingi 2,500, kanuni yamtaka aandike 2,500, kwa kuwa hasara imekwisha onekana. Kama bei imepanda hadi shilingi 4,000, kanuni yamtaka abaki na 3,000, kwa sababu faida ambayo haijauzwa bado si faida. Tahadhari hiyo haielemei pande zote mbili kwa usawa, na haikuwekwa ielemee kwa usawa. Vivyo hivyo shamba la chai. Kiwango kilichohusu kilimo kilidai zamani kwamba mche wa chai ukadiriwe upya kila mwaka kwa bei ya soko, jambo lililowasumbua wahasibu wa mashamba, kwa kuwa hakuna soko la miche ya chai iliyokwisha zeeka ardhini. Marekebisho ya mwaka 2014, yaliyoanza kutumika mwaka 2016, yaliiweka miche hiyo pamoja na mitambo na majengo, ikapunguzwa thamani kidogo kidogo kwa uchakavu. Jani la chai lililo tayari kuchumwa likabaki katika kanuni ya zamani. Kwa hiyo mche wa Kericho na mche wa Mufindi huhesabiwa sawasawa, na mtu aliye mbali aweza kuzilinganisha hesabu za mashamba hayo mawili bila ya kuuliza zimeandikiwa nchi gani.

Msingi huo ndio uliowezesha mapatano ya mwaka 2011. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilizitaka nchi wanachama zitambue elimu na sifa za kitaaluma za wenzao, na wahasibu walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutii. Mwenye cheti cha Nairobi ambaye jina lake halina doa katika chama chake aweza kuomba kuandikishwa Kampala au Dar es Salaam pasipo kuanza mitihani upya. Kisichovuka mpaka pamoja naye ni ujuzi wa sheria na kodi za nchi mwenyeji, kwa kuwa kodi ya nchi moja haisomwi katika vitabu vya nchi nyingine. Yafaa kuongeza kwamba kutambuliwa na chama hakumpi mtu kibali cha kufanya kazi. Kibali hicho hutolewa na idara nyingine, kwa fikira nyingine. Katika bara zima pia vyama vimeungana. Shirikisho la mashariki, kati na kusini mwa Afrika lililoanza mwaka 1990 lilitoa nafasi mwaka 2011 kwa shirikisho la Afrika nzima, lililozinduliwa Dakar.

Maneno ya kale na kazi mpya

Mitihani ya KASNEB na ya bodi ya Tanzania hufanywa kwa Kiingereza. Viwango vimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana wa Tabora aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hujifunza uhasibu wote kwa Kiingereza, kisha hurudi kuyaeleza mambo ya fedha mbele ya baraza la madiwani kwa Kiswahili, akitafsiri papo kwa papo. Hakuna mtihani wowote uliompima katika tafsiri hiyo.

Hali hii ina kinaya chake, maana msamiati wa biashara ni miongoni mwa utajiri wa kale wa Kiswahili. Hesabu na mhasibu ni ndugu wa shina moja la Kiarabu. Rasilmali ni kichwa cha mali kwa maana yake ya asili, yaani kile kilichotangulia kabla ya faida. Stakabadhi na kitenzi kukabidhi vimetoka katika mzizi mmoja, hata mtu akitoa stakabadhi huwa anakiri kwamba kitu kimemfika mkononi. Hundi ilikuja na Wahindi. Jairam Shivji, ambaye kampuni yake ilikodi forodha ya Unguja zama za Seyyid Said, na wafanyabiashara wengine wa jamii yake waliweka vitabu vyao kwa lugha zao za Gujarat na Kach, lakini mazungumzo ya deni, rehani na amana na watu wa misafara yalihitaji maneno ambayo pande zote ziliyafahamu, na maneno hayo yangali hai. Daftari, faida, hasara, gharama, dhamana: hakuna aliyekaa kitako kuyatunga.

Maneno mapya yaliongezwa juu ya hayo. Mizania imejengwa juu ya mizani, na ni neno zuri, kwa kuwa picha ya vitanga viwili vilivyo sawa ndiyo hasa maana ya waraka wenyewe: mali upande huu, madeni na mtaji upande ule. Uchakavu nao umetumika vizuri, ijapokuwa wapo wanaofikiri kwamba ni uchakavu wa macho, kana kwamba gari lililooshwa halichakai. Leja na vocha zilikopwa zilivyo, zikazoeleka. Taabu haikuanzia katika majina ya vitu. Ilianzia katika majina ya hukumu.

Neno kukagua ni la Kibantu na lina nguvu ya macho. Afisa hukagua gwaride, mwalimu hukagua madaftari, mwenye shamba hukagua mipaka. Katika mifano hiyo yote mkaguzi hupita mbele ya kila kimoja, na kile asichopita mbele yake hakikukaguliwa. Neno la Kiingereza lenye maana hiyo limetoka katika kitenzi cha Kilatini cha kusikia, kwa kuwa hapo kale hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya msikilizaji. Kazi ya leo si ya macho kamili wala ya masikio. Mkaguzi wa benki yenye mamilioni ya miamala huchagua sehemu ndogo kwa kanuni za uwezekano, huzichunguza hizo, kisha hutoa rai juu ya zote. Hutafuta kosa lililo kubwa kiasi cha kumfanya msomaji abadili uamuzi wake. Kosa dogo kuliko hapo laweza kupita, na kupita kwake si uzembe. Mwenye akiba anaposikia kwamba benki yake imekaguliwa, Kiswahili humwambia kwamba kila shilingi imetazamwa. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi, lakini neno limeahidi kuliko kazi ilivyo.

Hati, safi na chafu

Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vyaruhusu rai za aina nne. Mkaguzi aweza kusema kwamba hesabu zaonyesha hali ilivyo katika mambo yote makubwa. Aweza kusema hivyo isipokuwa kwa jambo fulani analolitaja. Aweza kusema kwamba hesabu kwa jumla hazionyeshi hali ilivyo. Na aweza kusema kwamba hakupata ushahidi wa kutosha wa kumwezesha kusema lolote. Hii ya nne watu wengi huisahau, nayo yaweza kuwa ya kutisha kuliko zote, kwa sababu mtu ambaye vitabu vyake havionekani huenda ana zaidi ya kuficha kuliko yule ambaye vitabu vyake vina makosa.

Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, ambayo huchapisha ripoti zake kuu kwa Kiswahili pia, imezitafutia rai hizo majina. Ripoti zake zimetumia hati inayoridhisha, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha na hati mbaya. Juhudi hiyo yastahili sifa, kwa kuwa hakuna ofisi nyingine katika eneo hili iliyofanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka na mbele ya umma. Magazeti na wanasiasa wakayachukua majina hayo, wakayafupisha, na leo usemi unaotawala ni hati safi na hati chafu.

Mambo mawili yametokea katika safari hiyo ya maneno. La kwanza ni kwamba rai imegeuka kuwa hati. Rai ni kauli ya mtu, na mtu aweza kukosea. Hata viwango vyenyewe husisitiza kwamba mkaguzi hatoi hakikisho kamili. Hati katika Kiswahili ni kitu cha kushikwa: hati ya nyumba, hati ya kusafiria, hati ya mashtaka. Aliye na hati ana haki fulani mkononi. Kwa hiyo mkurugenzi wa halmashauri hutangaza kwamba wamepata hati, kama mwanafunzi aliyepata cheti, na kilichokuwa kauli ya mkaguzi kikawa tuzo ya mkaguliwa.

La pili lina madhara zaidi. Usafi katika Kiswahili ni sifa ya mwenendo. Mtu safi hana wizi wala hila. Mikono safi haijashika cha haramu. Lakini rai isiyo na kasoro husema juu ya hesabu, haisemi juu ya mwenendo. Huenda fedha zote zimetumika vibaya na bado zikaandikwa sawasawa. Wakenya hawajasahau toroli 10 za Kaunti ya Bungoma, zilizotangaa mwaka 2015 kwamba zilinunuliwa kwa takriban shilingi 109,000 kila moja. Kama fedha hizo zilitoka kweli, kwa kiasi hicho, na zikaandikwa katika fungu lake kwa kiasi hicho, basi kwa upande wa uandishi wa hesabu peke yake hakuna uongo. Swali la kwa nini toroli iuzwe kwa bei ya pikipiki ni la ukaguzi mwingine, ule wa kuchunguza kama sheria za ununuzi zilifuatwa, au ule uitwao na Watanzania ukaguzi wa ufanisi. Diwani anayesimama jukwaani na kusema kwamba halmashauri yake ina hati safi, kwa hiyo hapakuwa na ubadhirifu, amefanya kosa la mantiki. Walakini ni kosa ambalo lugha imemwandalia.

Na huko upande wa pili, hati isiyoridhisha na hati mbaya, ni msomaji gani atakayejua, pasipo kuelezwa, ni ipi kati ya hizo isemayo kwamba hesabu si za kweli na ni ipi isemayo kwamba mkaguzi hakuweza kuzijua? Maneno yote mawili yapima ubaya kwa kiasi, hali tofauti yenyewe si ya kiasi. Moja ni jibu, na nyingine ni ukosefu wa jibu.

Neno udhaifu

Kwamba mambo haya si ya wanaisimu peke yao kulionekana Tanzania mwaka 2019. Mwezi Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, ambaye wakati huo alikuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, alihojiwa na redio ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Akizungumzia ripoti zisizofanyiwa kazi, alisema kwa maana kwamba Bunge likishindwa kuchukua hatua, huo ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika Job Ndugai alimtaka afike mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge. Assad, ambaye alikuwa mwalimu wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alieleza kwamba udhaifu na upungufu ni maneno ya kawaida katika kazi ya ukaguzi. Maelezo hayo hayakutosha. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi naye, na Novemba mwaka huo nafasi yake ilichukuliwa na Charles Kichere.

Siasa ilikuwamo katika jambo hilo, na ingekuwamo hata kama neno lingekuwa jingine. Hata hivyo neno lilikuwa limekwisha beba mzigo. Juni 2012 mbunge John Mnyika alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge kwa kulitumia juu ya Rais. Katika matumizi ya kila siku dhaifu ni mgonjwa, mzee asiyejiweza, mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Kulitamka juu ya mwenye cheo ni kumvua nguo. Katika ripoti ya mkaguzi, kinyume chake, udhaifu ni istilahi baridi kabisa. Udhaifu wa mfumo wa udhibiti wa ndani ni hali ambayo mtu mmoja ndiye anayeagiza, anayepokea na anayelipa, hata kama mtu huyo ni mwaminifu kuliko wote. Assad alisema lugha ya fani, na Bunge likasikia lugha ya mtaani. Kila upande ulikuwa na kamusi yake, na hapakuwa na kamusi ya tatu ambayo pande zote mbili zingeweza kuifungua mezani. Wanaisimu, kwa upande wao, walikuwa wangali wakibishana kama ni halali kusema mapungufu badala ya upungufu.

Kifaransa na tarakimu

Nchini Kenya tatizo hili halijapata sura ya Tanzania, kwa sababu istilahi zenyewe hazijajaribiwa. Katiba ya mwaka 2010 yaitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katika mkutano mkuu wa chama cha akiba na mikopo rai ya mkaguzi husomwa kwa Kiingereza, kisha mwenyekiti hueleza kwa kifupi kwamba mambo ni mazuri. Mwanachama huinua mkono kuipitisha rai ambayo hakuisikia ikisemwa katika lugha anayoifikiria fedha yake. Kinga ya Mkenya dhidi ya utata wa hati safi ni kwamba hajaambiwa kitu.

Mashariki ya Kongo pana somo jingine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ikiwa imekwisha kuwa mwanachama wa OHADA, umoja wa sheria za biashara wa nchi nyingi zitumiazo Kifaransa, tangu mwaka 2012. Mfumo wa uhasibu wa OHADA, uliorekebishwa na kuanza kutumika kwa sura mpya mwaka 2018, huzipanga akaunti zote kwa tarakimu: darasa la 1 ni mtaji na madeni ya muda mrefu, la 2 mali za kudumu, la 3 bidhaa za ghalani, la 4 wadai na wadaiwa, la 5 fedha taslimu na za benki, la 6 gharama, la 7 mapato. Mhasibu wa Bukavu ambaye Kiswahili chake cha ofisi kimejaa Kifaransa aweza kumwelewa mwenzake wa Dakar kwa kumtajia tarakimu tu. Viwango vinavyofuatwa Nairobi havina orodha ya namna hiyo. Kila kampuni hupanga akaunti zake ipendavyo mradi matokeo yafuate kanuni. Mhasibu wa Bukavu na wa Nairobi watakapokutana katika mapatano mapya ya kutambuana, hawatashiriki mfumo, wala Kiingereza, wala Kifaransa. Wanachoshiriki ni Kiswahili, na Kiswahili hicho hakijaafikiana jina la rai ya mkaguzi.

Mkataba wa Jumuiya uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999 uliagiza kwamba Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya eneo zima, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar kwa kazi hiyo. Baraza la Kiswahili la Tanzania limekuwapo tangu mwaka 1967. Vyombo vya lugha vipo, na vyombo vya wahasibu vipo. Kisichoonekana ni meza ya kuvikutanisha. Hakuna haja ya kutafsiri viwango vyote, ambavyo ni maelfu ya kurasa na hubadilika kila mwaka. Yatosha kuanza na maneno yanayotoka nje ya ofisi ya mkaguzi na kuufikia umma: majina ya rai nne, neno la kosa lililo kubwa kiasi cha kubadili uamuzi, neno la kasoro ya mfumo ambalo halitamtukana mtu, na maelezo ya mistari michache, yaliyokubaliwa kutoka Bujumbura hadi Mombasa, ya kile ambacho mkaguzi hakukifanya. Maelezo hayo yangeweza kuambatishwa katika kila ripoti ya hesabu inayosomwa mbele ya wanachama wa ushirika, na vyama vya wahasibu, ambavyo tayari hukagua kama ripoti imeandikwa kwa mpangilio unaotakiwa, vingeweza kukagua pia kama maelezo hayo yamo.